Jina la Mke Hutangulia

Msomaji, hapana shaka umepata kuisikia methali isemayo kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mimi niliipata kwa babu yangu, aliyefanya kazi katika reli na kukaa katika nyumba za reli za Makongeni, mashariki ya Nairobi. Aliitumia kila aliporudi dukani na kitu kizuri alichokinunua kwa bei aliyoilalamikia. Nilikuwa mtu mzima, tena mwalimu mwenye cheti cha chuo, kabla sijajiuliza Baniani huyo ni nani, naye huabudu nini. Sisi wenye methali tulikuwa tumemjua kwa kiatu tu.

Nitakiri kosa langu mapema. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha historia, katika shule moja ya sekondari huku Eastlands, nilisimama mbele ya kidato cha pili nikatangaza, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba Wahindu huabudu miungu milioni 330. Nilikuwa nimeisoma hesabu hiyo mahali fulani, nikaipenda kwa ukubwa wake. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "nani aliihesabu?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka pamoja nao, kisha nikaendelea na somo, kwa kuwa sikuwa na jibu. Insha hii ni jibu lake, ingawa limechelewa, na msichana mwenyewe amekwisha kumaliza shule.

Yafaa kwanza tuyatenge maneno mawili ambayo masikio yetu huyachanganya. Mhindi ni mtu ambaye yeye au wazee wake walitoka Bara Hindi. Mhindu ni mtu wa dini. Katika Wahindi wa Nairobi wamo Waislamu, wakiwamo Maismailia na Mabohora. Wamo Masingasinga, ambao mitaani tumezoea kuwaita Makalasinga. Wamo Majaini, na wamo Wagoa walio Wakristo. Mhindu ni mmoja wao tu, naye ndiye ambaye watu wa pwani walimwita Baniani, kwa sababu wengi wa kwanza kufika walikuwa wa jamii za wachuuzi wa Gujarat na Kachchh. Hata neno letu bepari limetoka katika lugha ya watu hao, nalo kwao halikuwa tusi. Maana yake ni mfanyabiashara.

Sasa turudi kwenye hesabu. Duka moja la misumari, rangi na mabati lilikuwako mpakani mwa Pangani na Eastleigh, nami nilikuwa nikienda huko tangu utoto pamoja na baba yangu, aliyekuwa seremala. Ukutani, juu ya meza ya fedha, ilitundikwa kalenda yenye picha ya mwanamke aliyevaa nguo nyekundu, amesimama juu ya yungiyungi, ana mikono minne, na katika kiganja kimoja sarafu za dhahabu zinamiminika bila kwisha. Chini yake uliwaka udi. Baada ya aibu ile ya darasani nilikwenda dukani, nikamsalimu mwenye duka, nikamwuliza, "Mzee, miungu yenu ni mingapi?"

Hakukasirika. Alinyoosha mkono rafuni. "Mwalimu," akasema, "mtu akija hapa haniambii, nipe chuma. Huniambia, nipe msumari wa inchi tatu, nipe bawaba, nipe komeo. Nikimpa komeo naye anataka msumari, atanirudishia. Lakini ukiniuliza nauza nini, nitakwambia nauza chuma." Kisha akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Wakati huo nilidhani ni maneno ya busara ya muuza misumari. Miaka miwili baadaye nilikisoma kitabu cha Chandogya Upanishad katika tafsiri, nikakuta baba mmoja, Uddalaka, akimfundisha mwanawe Shvetaketu kwa mfano wa udongo, na wa dhahabu, na wa chuma: kwamba ukikijua chuma umevijua vyombo vyote vya chuma, kwa kuwa vinatofautiana kwa umbo na kwa jina. Yule mzee alikuwa akinifundisha somo lenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, nami sikulijua.

Katika kitabu kingine cha namna hiyo, Brihadaranyaka Upanishad, swali la yule msichana laulizwa waziwazi. Katika baraza la Mfalme Janaka wa Videha palikuwa na mashindano ya hoja, na mtu aitwaye Shakalya akamwuliza mwenye hekima Yajnavalkya, miungu ni mingapi? Akajibiwa kwamba ni 303 na tena 3,003. Vema, akasema, lakini hasa ni mingapi? Akajibiwa 33. Vema, lakini hasa? Akajibiwa 6, kisha 3, kisha 2, kisha mmoja na nusu, na mwisho mmoja. Huyo mmoja na nusu, alipoulizwa ni nani, Yajnavalkya alisema ni upepo uvumao. Na huyo mmoja ni pumzi. Katika baraza lile lile mwanamke mmoja, Gargi, alisimama akamhoji Yajnavalkya juu ya mwanzo wa vitu vyote mbele ya wanaume wenye elimu. Wasichana watakaoisoma insha hii na waliweke jina hilo akilini.

Hesabu yangu ya milioni 330 yatokana na ile 33. Neno koti katika Kisanskriti huweza kuwa milioni kumi, na huweza pia kuwa aina au kikomo. Yuko asemaye kwamba miungu ni ya aina 33, na yuko asemaye koti 33 kwa maana ya wingi usio na idadi, kama sisi tusemavyo kwamba watu walikuwa kama mchanga. Hapana aliyeihesabu.

Walakini, msomaji, usikimbilie kusema, "Kumbe basi, ni sawasawa na sisi, Mungu mmoja mwenye majina mengi." Hilo ni kosa la pili, nalo ni la watu waungwana, kwa hiyo ni gumu kulisahihisha. Wako Wahindu wasemao hivyo. Wako wengine wasemao kwamba Vishnu ndiye aliye juu ya wote, na wengine Shiva, na wengine wasemao kwamba mwenye enzi ni mungu wa kike, na waume wote hao hawana nguvu ila kwake. Mabishano hayo yana karne nyingi, na mwenye kuyafuta kwa neno moja la ukarimu hajawasikiliza wenyewe.

Tena miungu hiyo ina historia, nayo historia hiyo ina kupanda na kushuka kama ya falme. Katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo za ibada ambao wataalamu huuweka kati ya miaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo, mkubwa ni Indra mwenye radi, na Agni ambaye ni moto. Vishnu yumo, lakini ana nafasi ndogo: asifiwa kwa kuupima ulimwengu kwa hatua tatu. Aliyekuja kuwa Shiva aonekana katika umbo la Rudra, mpiga mishale aogopwaye. Saraswati ni mto. Kadiri karne zilivyopita, Indra alififia. Vishnu na Shiva wakakua wakajaza mbingu. Na mto Saraswati ukawa bibi mwenye ala ya nyuzi mkononi, mlinzi wa usemi, muziki na elimu. Mnamo karne ya 6 baada ya Kristo ulitungwa utenzi wa Devi Mahatmya, ambamo miungu waume washindwa na jini mwenye umbo la nyati, wakatoa kila mmoja nuru yake, na nuru hizo zikaungana zikawa mwanamke, Durga, aliyepanda simba akamwua jini huyo. Jambo hili lilikuwa jipya: mwanamke hakuja kumsaidia mume, alikuja kuifanya kazi iliyowashinda waume.

Hapa ndipo tufikapo kwenye wake wa miungu, nami naomba tukae kidogo. Mtu anayetaka kuitambua sura katika hekalu la Kihindu asianze kwa kuhesabu mikono. Na atazame ni nani aliye kando yake. Kando ya Vishnu yuko Lakshmi, aliyetoka katika bahari ya maziwa wakati miungu na mashetani walipoisukasuka kama watu wasukao mtindi ili wapate maji ya uzima. Vishnu ashukapo duniani kuuokoa ulimwengu, yeye hushuka pamoja naye. Mishuko mikubwa, ambayo huitwa avatara, kwa kawaida huhesabiwa kumi: samaki, kobe, nguruwe mwitu, nusu mtu nusu simba, mbilikimo, Rama mwenye shoka, Rama wa Ayodhya, Krishna, Buddha, na Kalki ambaye bado hajaja. Alipokuwa Rama wa Ayodhya, Lakshmi alikuwa Sita. Alipokuwa Krishna, alikuwa Rukmini. Lakini wimbo na picha za Krishna zilimpenda zaidi Radha, mchunga ng'ombe, ambaye kwa masimulizi mengi hakuwa mke wake wa ndoa. Wanafunzi wangu husisimka sana wafikapo hapo, nami hupita upesi.

Kando ya Shiva hadithi ni nzito zaidi. Mke wake wa kwanza, Sati, alijitupa motoni kwa sababu baba yake alimdharau mumewe. Shiva aliubeba mwili wake akazunguka nao kama mwenye wazimu. Sati akazaliwa tena, akawa Parvati, binti wa mlima Himalaya, naye akampata mume yule yule kwa kujinyima na kusali miaka mingi. Parvati ni mpole. Lakini Durga mpanda simba husemwa kuwa ni yeye, na Kali mweusi mwenye shada la vichwa vya watu husemwa kuwa ni yeye pia. Basi sura nyingi si za waume peke yao. Wako wachongaji waliomchonga Shiva na mkewe katika mwili mmoja, nusu ya kulia mwanamume na nusu ya kushoto mwanamke. Sura hiyo huitwa Ardhanarishvara. Na wako walimu waliochezea herufi wakasema: ondoa irabu i katika jina Shiva, litabaki shava, nalo ni neno la maiti. Irabu hiyo ndiyo mke. Ndiyo shakti, yaani nguvu ya kutenda.

Ndiyo maana majina ya miungu wawili yatajwapo pamoja, aghalabu la mke hutangulia: Sita-Ram, Radha-Krishna, Lakshmi-Narayan, Gauri-Shankar. Sisi husema mume na mke, baba na mama; ni katika hotuba tu ndipo tukumbukapo kusema mabibi na mabwana. Sitaki, hata hivyo, msomaji adhani kwamba heshima ya jina ilikuwa heshima ya maisha. Sita huyo anayetangulia kutajwa ndiye aliyelazimishwa kupita motoni ili ajulikane kuwa mwaminifu, baada ya kutekwa na Ravana wa Lanka pasipo kosa lake. Katika picha nyingi Lakshmi ameketi miguuni pa mumewe akimkanda. Wanawake wa Kihindu wenyewe wameliona jambo hilo na kuliandika.

Na wale wasio na wake? Hanuman, nyani mtumishi wa Rama, ni mseja. Ganesha mwenye kichwa cha tembo, mwana wa Parvati, ni mseja katika sehemu za kusini ya Bara Hindi, na huko kaskazini ana wake wawili ambao majina yao yana maana ya mafanikio na akili. Nchi ni kubwa, na hadithi hazikuulizana.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yote yana nini na Afrika ya Mashariki. Nami nitamjibu kwa kisa kilichotukia Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498. Vasco da Gama alipotia nanga huko alizikuta bandarini merikebu kutoka Bara Hindi. Mabaharia wake walifikiri Wahindi hao ni Wakristo. Waliwaonyesha picha ya Bibi Mariamu pamoja na Yesu, nao Wahindi wakasujudu mbele yake. Siku moja Wahindi walipopaza sauti kuwashangilia, Wareno walisikia jina la Kristo. Wanahistoria wengi hudhani lililotamkwa lilikuwa Krishna. Wiki chache baadaye, huko Calicut, Wareno waliingizwa katika hekalu, wakaonyeshwa sanamu ya ndani wakaambiwa jina walilolisikia kuwa Maria, wakapiga magoti wakasali. Mwandishi wa safari aliandika kwamba kutani palikuwa na watakatifu wenye taji, wengine meno yametokeza, na mikono minne au mitano. Mmoja wao, João de Sá, aliingiwa na shaka, akasema akiwa amepiga magoti kwamba kama hao ni mashetani, yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Na Vasco da Gama alimtazama akatabasamu.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa kuwa nakipenda, na kwa kuwa kila upande ulikosea kwa namna yake. Wahindi walimwona mwanamke mtukufu, wakamtukuza. Wareno waliona mwanamke mtukufu, wakadhani ni wao. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, huyu ni nani.

Biashara ya Wahindu katika pwani yetu ilikua sana Unguja wakati wa Seyyid Said. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kachchh, naye akawa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote kisiwani, hata wafanyabiashara wa Kizungu na wa Marekani walilazimika kupita mezani pake. Litazame jina lake: Jai Ram, ushindi kwa Rama, Shivji, Shiva kwa heshima. Mtu huyo alibeba nusu ya mbingu katika jina lake. Lakini Mabaniani wa Unguja kwa muda mrefu hawakuja na wake zao. Kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa kunamtia mtu najisi, na wanawake waliachwa nyumbani Kachchh na Kathiawar, mume akirudi baada ya miaka. Watu ambao hawakuweza kumfikiria mungu bila mwenzi wake waliishi wenyewe kama waseja, wakipika chakula chao na kutuma barua kwa majahazi yaliyongoja upepo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wengi wa wajenzi wa reli. Tangu mwaka 1896 hata 1901 Serikali ya Kiingereza ilileta karibu wafanyakazi 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa, na wasiozidi 7,000 walibaki nchini. Wengine walirudi makwao. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Msomaji aliyepita Muthurwa amepita katika barabara ya Landhies, ambayo yalibaki ndani yake jina la zile safu za nyumba za wafanyakazi wa reli. Baadaye, mwaka 1921, vitongoji viwili vya mashariki viliunganishwa vikaitwa Eastleigh, na kwa kuwa serikali ya kikoloni iliwagawia watu mitaa kwa rangi, Eastleigh ikawa kwa miaka mingi makazi ya Wahindi wengi, pamoja na Pangani na Ngara. Sasa wanawake walikuwa wamekuja, na watoto wamezaliwa. Ndani ya nyumba hizo palitengwa pembe au rafu ya ibada, na aliyeiwashia taa kila asubuhi aghalabu alikuwa mama wa nyumba.

Yafurahisha kuona kwamba mabishano niliyoyataja yalisafiri nao katika merikebu zile zile. Chama cha Arya Samaj kiliundwa Nairobi mwaka 1903, mji ukiwa bado wa mabati na matope. Mwanzilishi wake huko Bombay mwaka 1875, Swami Dayananda, alifundisha warudi kwenye Veda na kuziacha sanamu zote: hakuna Lakshmi wa ukutani, hakuna Ganesha mlangoni, ila moto wa sadaka na maneno ya kale. Na wasichana wasome, alisema, na kwa kweli wafuasi wake walijenga shule za wasichana Nairobi. Jina lake kamili lilikuwa Dayananda Saraswati. Mkataa sanamu huyo alibeba jina la bibi mwenye ala ya nyuzi, kwa kuwa ndilo jina la utawa alioingia. Kwa upande mwingine walisimama watu wa Sanatan Dharma, yaani dini ya milele, walioyajenga mahekalu yenye Ram na Sita, Shiva na Parvati. Mtoto wa Kihindu wa Nairobi wakati wa wakoloni aliweza kufundishwa asubuhi kwamba sanamu ni upotevu, na jioni akapelekwa na bibi yake kuibusu miguu ya sanamu.

Tena wako wafuasi wa Swaminarayan, mtawa aliyeishi mwaka 1781 hata 1830 na kuhubiri sana Gujarat. Katika Kenya ni wengi miongoni mwa Mapatel wa Kachchh, waliojulikana kwa kazi ya ujenzi. Hekalu kubwa la mawe ya kuchongwa la tawi lao moja, BAPS, lilifunguliwa Nairobi mwaka 1999, nalo liko karibu tu na Ngara na Pangani. Humo mwanafunzi mwangalifu atakuta jambo la kumtatiza: katika chumba kikuu, kando ya Bwana, hapana mke. Aliye kando yake ni mfuasi wake mkamilifu. Desturi ya kutomwacha mungu peke yake imebaki; aliye katika nafasi ile amebadilika.

Lakini mimi, kama nilivyosema, niliyajua haya kupitia dukani. Mwaka mmoja, siku za Diwali, yule mzee aliniita niingie nyuma ya meza. Alikuwa ameweka daftari jipya la hesabu mbele ya picha, kwa kuwa mwaka wa wafanyabiashara wa Gujarat hugeuka wakati huo, na vitabu vipya huombewa kabla havijaandikwa. Juu ya picha walikuwa watatu: Lakshmi, Ganesha na Saraswati. Nilimwuliza Saraswati anafanya nini katika duka la misumari. "Hesabu ni elimu, Mwalimu," akasema. "Lakshmi peke yake huleta pesa. Yeye huyu hukuambia imekwenda wapi." Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika neno moja tu kwa wino mwekundu, mara moja juu, mara mbili chini yake, mara tatu, mpaka likafanya pembe tatu kama paa la nyumba. Neno hilo ni Shri.

Shri ni neno la heshima. Ndilo linaloandikwa Shree katika mbao za mahekalu na za vyama vya Kihindu hapa mjini, nasi tumelipita maelfu ya mara tukiwa katika matatu. Lakini ni jina la Lakshmi pia, nalo ni la zamani sana. Kila Mnairobi aliyesoma ubao huo amelisoma jina la mke wa Vishnu, nalo, kama kawaida, limetangulia.

Nilimwuliza siku hiyo pia kwa nini duka jirani, lililokuwa la nduguye, lilikuwa limeandikwa jina jingine tangu zamani. Alinieleza kwa maneno machache. Mwaka 1967 zilitungwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, zilizowabana wasio raia. Na mwanzoni mwa mwaka 1968 maelfu ya Wahindi wa Kenya walikimbilia Uingereza kabla Bunge la huko halijawafungia mlango. Nduguye alikuwa na pasipoti ya Kiingereza, yeye alikuwa amechukua uraia wa Kenya. Nduguye aliondoka na masanduku manne, na katika moja alifunga sanamu ya shaba ya Radha na Krishna ya mama yao. "Aliuliza tuwagawane," mzee akasema, "yeye Krishna, mimi Radha. Mama alikataa. Akasema, nyinyi tenganeni, hao hapana." Serikali ya Kenya ilipowatambua Wahindi mwaka 2017 kuwa mojawapo ya makabila ya nchi, watu wakasema ni kabila la 44, nilimpelekea gazeti. Alilisoma, akalikunja, akaniuliza kama baba yangu bado anatumia misumari ya inchi nne.

Siku hizi duka hilo limefungwa. Mzee amewafuata wanawe ng'ambo, na nafasi yake imechukuliwa na kijana mmoja muuza mapazia na mazulia, mtu wa dini nyingine kabisa. Amepaka kuta rangi mpya, amebadilisha taa, ameondoa rafu zote za chuma. Juu ya mlango, hata hivyo, yamebaki maneno mawili ya Kigujarati kwa rangi nyekundu iliyopauka, moja kushoto na moja kulia. Nilipokwenda kutafuta pazia aliniuliza kama najua yameandikwa nini. Nikamwambia: lile ni Shubh, yaani heri, na lile ni Labh, yaani faida, na wako wasemao kwamba ni majina ya wana wawili wa Ganesha, waliozaliwa na wale wake zake wawili. Akayatazama tena. Akasema alikuwa amekusudia kuyafuta tangu mwezi wa kwanza, lakini mauzo yalikuwa mazuri, akaona ayaache kwanza.